Barafu ya Getini

Jumatatu, 6 Julai

Kinyaa! Nimeoga, nimerudia kuoga, na bado nanuka utumbo wa kuku. Nilidhani nikimaliza shule nitapata kazi ya kukaa kwenye kiti. Kumbe ni kusimama kutwa, mkono ndani ya kuku, navuta matumbo. Na yana joto bado! Hilo hakuna aliyeniambia.

Kazi nimetafutiwa na mama mdogo, ambaye amenilea tangu mama afariki. Yeye anafungasha mapaja chumba cha pili. Watu wote wa ofisi ya kiwanda wanafanyia kazi nyumbani kwa sababu ya korona. Jirani yangu mezani, mjamzito tunayemwita Dada Kicheko, anasema yeye pia angependa, ila kuku hawaingii kwenye simu. Akacheka mpaka tumbo likacheza.

Mchana meneja alitokea kwenye televisheni ya ukutani. Shati jeupe, kikombe mkononi, pazia la maua nyuma yake. Eti tuko pamoja. Pamoja! Bega langu limegusana na la Dada Kicheko siku nzima. La meneja liko kwenye kochi.

Jumatano, 8 Julai

Nimejua kinachofanyika nyuma ya ukuta wa geti.

Mlinzi anatupima joto kwenye paji la uso kwa kile kibastola. Joto likizidi kiwango unarudishwa, na nafasi yako anapewa mwingine siku hiyo hiyo. Basi wanaotoka zamu wanawaletea wenzao barafu kwenye mifuko ya nailoni — ile ile iliyolaliwa na kuku, imegeuka rangi ya waridi kwa damu! Watu wanajisugua nayo usoni kabla ya kupimwa, ngozi ipoe.

Leo mama mmoja alizidisha barafu. Kibastola kikasoma thelathini na moja.

"Mama, wewe ni maiti?"

"Maiti mwenye njaa, baba. Nipishe."

Akapita! Amri inakataza joto kuzidi, basi. Kuhusu maiti haisemi kitu. Foleni nzima ilicheka, nami nikacheka. Sasa nikifikiria najisikia vibaya. Yule mama alikuwa anatetemeka.

Ijumaa, 10 Julai

Mama mdogo ana homa. Tunalala kitanda kimoja — mgongo wake ulikuwa kama pasi.

Asubuhi nikamwambia abaki, kwa kile kisauti changu ambacho hata mimi sikisikii. Akasema akibaki hatutakula, mimi mwenyewe bado niko kwenye majaribio. Halafu: "Ukae kimya tu, mwanangu. Nakuomba." Hajawahi kuniomba kitu.

Nyuma ya ukuta aliinama, na mimi ndiye niliyemsugua. Mimi! Maji yenye damu yakamtiririka mpaka kwenye barakoa. Nikamfuta kwa mkono wa sweta. Sweta hilo sitaki kuligusa tena.

Thelathini na sita. Pita.

Jumamosi, 11 Julai

Mwenzetu mmoja wa mezani hakuja. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Msimamizi akamhamishia mama mdogo kwetu, upande wa pili wa Dada Kicheko.

Anakohoa kile kikohozi cha kumeza, mabega tu ndiyo yanaruka. Dada Kicheko akamhurumia, akampa maji kwenye kikombe chake. Halafu akanywa yaliyobaki! Niliona. Sikusema. Na juzi tu alinieleza kwamba ana pumu, na kwamba kule kliniki wamemwonya: akiupata ugonjwa huu na hilo tumbo, huenda wasiweze kuwaokoa wote wawili.

Matumbo ya kuku nimeyazoea. Mimi mwenyewe ndiye ninayejichefua.

Jumatatu, 13 Julai

Naandika chooni, kazini. Sakafu ina maji, sijui ya nini. Lakini ndio mlango pekee unaofungika kwa ndani.

Leo Dada Kicheko hakucheka hata mara moja. Wakati wa mapumziko alinivuta pembeni. "Mdogo wangu, wewe huna uongo. Mama yako mdogo anaumwa?"

Nikasema nimebanwa, nikakimbilia huku.

Nimejaribu jibu kwa sauti ndogo. "Ndiyo, dada." Maneno mawili tu! Nikiyasema, mama mdogo anatolewa leo, na labda mimi pia. Nisipoyasema —

Ananigongea. Anasema hana hasira, anataka kujua tu kama aombe kuhamishwa meza. Anasema nimwonee huruma mtoto.

Sasa nasikia viatu vingine vya mpira. Mama mdogo. Anamwambia, "Muache, ana haya tu mtoto huyu, tangu zamani." Anaita jina langu, polepole, kama anavyoniamshaga.

Wote wawili wananisubiri mlangoni. Mama mdogo anabana kikohozi. Namsikia mpaka huku ndani.

Nimeshika komeo.