Mahali Lithiamu Haikufika

Wallsend, 4 Machi 2017

Thora kipenzi,

Habari za Plymouth, na tumbo linaendeleaje? Mimi mzima, mvua tu ndiyo haina adabu. Naandika kwa mkono kama tulivyoahidiana, maana sote tunajua kichwa changu kikipanda simu yako haipumui.

Sasa sikia. Madaktari wa chuo kikuu wananitaka! Wana mashine ya sumaku inayopiga picha ya lithiamu, hii dawa yangu ya kutuliza akili, ndani ya ubongo. Wanataka kuona vidonge vikishamezwa vinakwenda wapi kichwani, na kwa nini vinamtuliza mgonjwa mmoja na kumwacha mwingine akipanda na kushuka. Walianza kwa kunipiga eksirei ya macho, kwa sababu mchomeleaji wa meli kama mimi anaweza kuishi na chembe za chuma machoni asijue, na sumaku ile haina mzaha. Macho ni safi. Naingia baada ya Pasaka.

Mikono ndiyo inayonitesa. Jana nilimwagia Ernie wa jirani chai mapajani. Akapiga kelele, "Wilf, we mzee, kama unataka nivue suruali si useme tu!" Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyumbani nikalia. Mikono hii imeunga meli, Thora. Dawa imeifanya itetemeke kama ya mlevi. Mjukuu nitambebaje?

Baba yako

Plymouth, 12 Machi

Baba mpendwa,

Sisi wazima, ila mtoto anapiga mateke usiku kucha na Piran anakoroma kando yangu kitandani kana kwamba mimba ni yake. Nimefurahi sana kuhusu picha. Nimemwambia kila mtu kazini.

Mjukuu utambeba umekaa, na mto mapajani, basi. Tetemeka upendavyo, atadhani anabembelezwa. Ila nijibu swali moja: unameza vidonge? Mwaka ule alipofariki Mama uliviacha, na mimi ndiye niliyekutafuta mtaa kwa mtaa. Sina nguvu za kukutafuta tena. Niapie.

Binti yako

Wallsend, 10 Juni

Thora Thora Thora!

Hongera! Jory! Jina zuri! Samahani kwa ukimya, nilikuwa na kazi, utaona kazi gani!

Binti mmoja wa chuo kikuu, anayeendesha ile mashine, amenipigia simu. Picha nilishapigwa, ila huchukua wiki kadhaa kuchambuliwa. Akasema, "Bwana Wilf, damu yako ilikuwa na lithiamu ya kutosha, lakini kichwani karibu hakuna kitu. Kuna jambo ungependa kuniambia?" Nilicheka mpaka nikakohoa! Vidonge niliviacha tangu Machi, kipenzi. Nikameza siku chache kabla ya picha, kama mtoto anavyosugua meno siku ya kwenda kwa daktari. Damu ilidanganyika, ubongo ukakataa. Akanisihi nimwone daktari wangu leo hii. Ya nini? Mikono imetulia! Nimemchomelea Jory kitanda cha chuma, kina usukani na bomba la moshi kama meli, mshono wake hutauona hata kwa miwani. Silali, na sichoki. Nakuja nacho. Usipike!

Baba yako, babu yake

Plymouth, 29 Julai

Baba,

Hospitali wameniambia umeanza kulala. Nashukuru.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Ulifika alfajiri, tukakufungulia, tukakukumbatia. Nilikwenda kuchemsha maji. Niliporudi, wewe na Jory hamkuwepo. Piran alikukuta umesimama juu ya ukuta wa bahari, umemnyanyua mtoto juu ya kichwa ili aone meli, naye ana nepi tu, na chini ni mawe. Ulikuwa unaimba. Polisi walikubembeleza kama saa nzima, hadi ukamshusha.

Baba, mikono yako haikutetemeka hata kidogo. Kila nikifumba macho ndicho ninachokiona.

Ile ya kutetemeka sikuiogopa kamwe. Sasa nakuogopa wewe. Nakupenda, na sitamleta.

Thora

Wodini, 20 Novemba

Thora kipenzi,

Natumaini nyote hamjambo. Huku chakula hakina chumvi, lakini manesi ni watu wazuri. Mwandiko huu mbaya ni wangu mwenyewe. Vidonge nameza mbele yao, na mkono umerudia tabia yake.

Yule binti wa mashine alikuja kunitazama. Anasema nikikaa sawa miezi kadhaa watanipiga picha nyingine. Nimekubali.

Uliniomba kiapo nami sikujibu. Una haki, na sikuombi umlete. Niandikie tu kama ameanza kukaa mwenyewe. Neno moja litatosha.

Baba

Wallsend, 2 Machi 2018

Thora kipenzi,

Nimesharudi nyumbani. Barua yangu ya Novemba huenda ilipotea, posta siku hizi hovyo.

Nadhani sasa anatambaa.

Baba