Mchanga wa Kona Yangu

Jumapili. Mvua imekatika asubuhi hii, ukungu umelala juu ya kijito chetu hapa chini ya kilima cha Makindye, nami niko barazani na chai, akili ikielea kama jani.

Shajara, wewe unajua nilivyokuwa nikisema: ardhi yangu inazaa. Kila mvua kubwa ikipita, kiwanja changu pale kwenye kona ya kijito kinaongezeka hatua moja ya mchanga safi. Nikawaambia watu ni baraka. Mtu aliyeogelea Nile mpaka mamba akampisha njia, kijito kitamnyima nini?

Mwezi uliopita Mama Safi, mjane wa kona ya kijito iliyo juu yangu, aliniomba magunia kumi ya mchanga huo akinge ukingo wake. Jiko lake limebaki hatua mbili lidondoke majini. Nikamwambia zawadi ya Mungu haigawiwi.

"Ssebo, bwana mkubwa, hata yule mamba wako alikupisha," akanijibu. "Wewe unashindwa na mchanga?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Sikutoa.

Jana Amina, binti wa dada yangu, anayesoma mambo ya maji chuoni, alisimama nami pale ukingoni. Mimi niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nusu, lakini nilimwelewa. Maji yenye mbio hubeba mzigo: mawe yanabiringika chini, mchanga unarukaruka kama chura, matope laini yanaelea tu kama abiria aliyesinzia. Mwendo ukipungua, mzito anashuka kwanza. Na kwenye kona, maji ya upande wa nje ndiyo yana mbio, yanakula ukingo. Ya ndani yamechoka, yanatua mzigo.

"Mama Safi yuko nje ya kona yake, mjomba. Wewe uko ndani ya kona inayofuata."

Kisha akanionyesha gimbi lililochipua mchangani kwangu. Nililisifu mtaa mzima, eti ardhi inayootesha bila mbegu.

Magimbi huku analima mtu mmoja tu.

Leo nikisinzia hapa nimeuona ua wa Mama Safi ukishuka na maji, punje kwa punje, na majivu ya jiko lake, na pale alipokuwa akiketi marehemu mumewe, vyote vikija kulala kwangu kimya kimya.

Magunia nimeshayatoa stoo. Kubeba si shida, mimi hubeba mawili kila bega. Shida ni mdomo. Mdomo huu wote, utamwambiaje mtu "pokea," na kitu ni chake?