Gari la Kaka Yangu Linang'aa Nje, Ndani Linaliwa na Kutu

Kwako Mshauri wa gazeti,

Salamu kutoka Nakuru. Soma barua hii kabla ya zile za watu waliokosana na wake zao, hao wanaweza kungoja, mimi siwezi. Naitwa Kipkoech, shule niliacha darasa la nne, si kwa ujinga, ni kwamba mwalimu na mimi tulichokana, na sasa niko gereji hapa mjini na hakuna bolti inayonishinda, uliza mtu yeyote. Shida ni kaka yangu Kiptanui, ana gari la zamani la kabla ya vita vya pili vya dunia, alilonunua kwa mzungu wa Njoro aliyekuwa akirudi kwao, na linang'aa mpaka kuku wanajiangalia mlangoni, maana analipaka nta kila asubuhi, mke wake Jelagat anasema afadhali angeolewa akiwa boneti.

Basi unajua vumbi letu, ziwa likikauka upepo unaleta magadi meupe mji mzima, na watu wa kanisa anaowabeba wakanung'unika ati wanashuka kama wametoka kwenye pipa la unga. Kaka akalala chini ya gari, akaona vitundu vidogo chini ya milango na chini ya ule mfereji wa bati uliofungika kando ya sakafu, akasema vumbi linaingilia hapa, akaviziba vyote kwa mpira na lami. Vumbi halikukoma, mvua zikaja, na sasa gari likipiga kona nasikia maji yakitembea ndani ya mlango, kaka anasema ni petroli. Petroli mlangoni, Mshauri. Juzi nikagonga ule mfereji kwa mpini wa bisibisi, kwingine unalia kama debe, lakini chini ya nguzo ya mlango wa kushoto ni kama nimegonga mkate.

"Kaka, hapa kumeoza."

"Nionyeshe kutu."

"Iko ndani, haionekani."

"Kwani darasa la nne wanafundisha kuona kupitia bati?"

"Nikate kidogo tu."

"Kata, halafu utafute pa kulala."

Krismasi kaka anataka kumpeleka mama yetu Jeruto huko Longonot, dada yetu amejifungua, na mama hukaa upande huohuo wa kushoto akiegemea mlango ambao siku hizi haufungiki mpaka uuinue kwa goti. Mimi nimeshaamua, sirudi nyuma. Mwisho wa mwezi kaka akienda Keringet na lori la viazi, nitaukata huo mfereji kwa msumeno, nimwage ndani oili chafu debe zima, nifunge, nipake rangi, asijue mpaka azeeke. Niambie kama ni vizuri, ingawa najua ni vizuri.

Kipkoech, fundi, karibu nitakuwa mkubwa


Kipkoech, fundi wa karibu kuwa mkubwa,

Masikio yako yanashinda mipango yako. Bati linalojibu kama mkate limeoza, na mlango ukishuka hivyo, nguzo yake inaachana na sakafu. Kaka yako si mpumbavu, alitaka abiria washuke wasafi. Kosa lake ni kutojua kwamba vile vitundu ni njia ya maji kutoka. Mvua hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango kila inaponyesha, lazima ipate pa kushukia. Yeye ameifungia humo pamoja na magadi, na magadi yenye unyevu hula bati hata gari likiwa limesimama.

Lakini wewe nawe. Oili juu ya matope ya chumvi? Hapo utakuwa umeifunika kutu blanketi, itafune bati kwa raha. Na kukata gari la mtu akiwa safarini si ufundi. Akirudi atauona mkato, kutu hataiona, na tangu siku hiyo gari likikohoa utalaumiwa wewe.

Kesho asubuhi mpe kaka yako bisibisi, aung'oe mwenyewe mpira mmoja chini ya mlango wa kushoto. Wewe nyamaza. Najua ulimi utakuwasha, uung'ate. Maji mekundu yakimmwagikia viatuni ataelewa bila hotuba yako. Kisha ng'oeni mipira yote, toeni ubao wa ndani wa mlango, mpitishe maji safi mpaka yanayotoka chini yafanane na yaliyoingia, gari likae juani milango wazi hadi ndani pakauke. Pakauke kabisa, nimesema. Bati bovu likatwe mpaka mfike kwenye zima, kiraka hakiwekwi juu ya uozo, na achomelee fundi wa gesi, si wewe. Kwangueni kutu iliyobaki kwa brashi ya waya, pakeni rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na hapo ndipo oili inapata kazi: oili safi, ipashwe moto kidogo iwe nyepesi, ipulizwe ndani mpaka idondoke vitunduni. Vitundu vikae wazi, vizibueni kwa waya kila baada ya mvua. Kuhusu vumbi, badilisheni ile mipira ya kuzunguka milango, imekauka.

Kama Krismasi itafika kabla ya kazi kuisha, mama aende Longonot kwa treni. Mwambie mwenyewe, kaka yako akisikia, kwamba mlango anaouegemea haujashikwa na kitu. Na huyo kaka akiwasha gari mama akiwa ndani, simama mbele ya boneti, hata akipiga honi mpaka majirani watoke, usisogee hadi mama ashuke.

Mshauri