Habari za Kamishna, Mbwa Uliyeniachia

Kijiji cha Zombo,
Wilaya ya Kilosa.
18 Septemba, 1994.

Mpendwa mwanangu Winnie,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hata hujafungua bahasha, kwa hiyo naitikia mapema. Hujambo wewe? Huko Newala maji bado ni ya shida? Je, homa ile uliyotuandikia imekuacha? Usinyamaze ukiumwa. Sisi huku hatujambo, ila mgongo wangu ni uleule. Mama yako mdogo Marciana anakohoa kidogo asubuhi, basi, wala si la kutisha.

Barua yako ya mwezi wa sita ilifika, lakini gundi ya bahasha ilikuwa imebanduka upande mmoja. Mtu wa posta aliapa kwamba ni unyevunyevu. Mimi nimekagua mabehewa ya reli tangu ujana wangu mpaka waliponipunguza kazi, na mlango uliofunguliwa nikiuona naujua. Safari nyingine tia gundi mara mbili.

Mvua zilikuwa haba, ila mahindi yametosha kula. Madukani siku hizi kila kitu kipo, jambo ambalo mimi linanitia wasiwasi. Zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, leo vijana wa Mikumi wanakuuzia mafuta, betri, dawa na marashi juu ya meza moja. Nikiuliza vimetoka wapi, jibu ni lilelile: mzee, sasa ni ruksa. Ruksa ya nani, hawasemi.

Najua umeruka aya zote hizo kutafuta jina la Kamishna. Haya, tulia, nakueleza kwa mpangilio.

Jumapili moja nilitoka ibadani kigangoni, nikashangaa hakuna aliyenipokea njiani. Nilimkuta Kamishna nyuma ya jiko amelala ubavu, anatetemeka mwili mzima. Mate yalikuwa yanamtoka kama povu la sabuni, miguu imelegea, na pumzi inakwama. Nilimwita, akageuza macho tu. Winnie, nilipata hofu ambayo sikuitegemea kuipata kwa ajili ya mbwa. Niliona sura yako siku unaniachia kamba yake kituoni.

Kichwani lilinijia neno moja tu, sumu. Na jina la mtu likaja papo hapo: jirani yetu Kitashu, yule mfugaji Mparakuyo mwenye boma ng'ambo ya korongo. Utasema, baba mdogo, si Kitashu ndiye aliyenipa mimi huyo mbwa akiwa mtoto? Ndiyo. Lakini wiki iliyotangulia Kamishna alimng'ata ndama wake mguuni. Kitashu alikuja, akamtazama ndama wake, akasema ajali ya wanyama, akaondoka. Hakudai chochote wala hakupandisha sauti. Mtu anayegombana namwelewa. Anayenyamaza ndiye ananinyima usingizi.

Marciana hakuwapo, alikuwa amekwenda msibani. Nilifanya kile kila mtu hapa anachokijua. Nilimpanua mdomo nikammiminia maziwa, kisha mayai mabichi, kisha mkaa uliosagwa. Nusu alitapika, nusu alipaliwa. Nikamtuma mtu amwite balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lupakisyo, aje kuwa shahidi. Watu wakaanza kujaa uani. Ng'ombe akiugua hapa utaona kila mtu na mti wake wa dawa, lakini siku ile wote walisimama wamefunga mikono kama wako mnadani. Balozi mwenyewe alichungulia akasema, "Ni mbwa tu, Mzee Vitalis. Mchimbie shimo." Nilimjibu vibaya, sitaandika nilivyosema.

Mara Kitashu akatokea kwenye ua wa minyaa na baiskeli yake. Hakuingia. Alivuta hewa puani, akaniamkia, halafu akasema, "Mzee, huyu mbwa ananuka dawa ya ng'ombe. Muoshe. Muoshe na sabuni na maji mengi, saa hii hii."

Hebu jiweke mahali pangu. Nani hapa ana dawa ya ng'ombe? Yeye. Nani amejua ni sumu gani kabla ya kumgusa mbwa? Yeye. Na anataka nifanye nini? Nioshe ushahidi! Niliwageukia watu nikasema mbele ya balozi kwamba huyu mtu amejifunga kwa mdomo wake, na kwamba hakuna atakayetia hata tone la maji juu ya mbwa huyu mpaka polisi waje. Nilisimama na fimbo juu ya Kamishna nikimlinda na maji.

Kitashu alinitazama. Akarudia mara moja tu, "Muoshe, mzee." Kisha akapanda baiskeli, akakanyaga pedeli kwa nguvu kuelekea barabara ya Mikumi. Nikapaza sauti, "Mnaona? Anatoroka!" Na watu wakaona. Wengine wakatikisa vichwa. Siku ile hapakuwa na mtu mwenye hakika kuliko mimi katika kata nzima.

Kamishna alizidi. Mtetemeko uligeuka kuwa mishtuko, na ulimi ukabadilika rangi. Nilipiga magoti nikawa namwombea kama mtu, lakini fimbo sikuiachia.

Halafu ikaja pikipiki. Alikuwa Bwana Mifugo Tomasi, na nyuma yake ameketi Kitashu, vumbi mpaka kwenye kope. Nami, mwanangu, wazo langu la kwanza likawa kwamba wamepanga pamoja. Tomasi ana duka lake la dawa siku hizi, nikasema kumbe ndiyo biashara yenyewe, mmoja analisha sumu, mwingine anauza sindano. Sijui kwa nini nakuandikia hata hilo, ila ndivyo nilivyowaza.

Tomasi hakuniamkia. Aliinama, akanusa mgongo wa mbwa, wala hakushughulika na mdomo. Akauliza, "Leo ameogeshwa na nini?"

Nikasema hajaogeshwa. Sauti ya Marciana ikatoka nyuma ya watu. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi, bado kajifunga kanga ya msibani. "Nimemwogesha mimi asubuhi, baba alipokwenda kusali. Kupe walikuwa wamemjaa masikioni. Nimetumia dawa ya josho."

Unakumbuka josho letu? Tangu uko mdogo, siku ya kuogesha ng'ombe tulikwenda na ndoo, tunachota maji ya josho na kurudi kuwaoshea mbwa nyumbani. Hakuna aliyejali imechanganywaje, maana mtu wa serikali alikuwa anaichanganya kabla sisi hatujaamka. Sasa josho limekauka, limeota mbigili. Dawa inauzwa kali vilevile ilivyo kwenye vichupa, na Marciana alikuwa amenunua kwa wale vijana wa mezani, kwenye chupa ya pombe isiyo na karatasi. Kwake yeye ile ilikuwa dawa ya josho, ileile ya siku zote. Akaimimina kwenye beseni bila maji, akachovya tambara, akampaka Kamishna kuanzia masikio mpaka mkia. Ameona anamtendea wema. Tena kwa mikono mitupu. Tomasi alimfokea akanawe kwanza yeye.

Basi tukamwosha. Kitashu ndiye aliyeshika kichwa, Marciana analia anasugua, na mimi nachota maji. Ndoo baada ya ndoo, sabuni nzima ikaisha. Tomasi akampiga sindano, akangoja, akampiga nyingine. Jua lilipoanza kulala kuelekea Malolo, mate yalikuwa yamekauka na pumzi imerudi. Tomasi alisema tungechelewa kidogo tu tena, angekuja kutia saini ya maiti. Hakumtazama mtu alipokuwa anasema, lakini nilijua anasema na mimi.

Kamishna ni mzima, Winnie. Anakula, anabweka, ila mguu mmoja wa nyuma anauburuta kidogo akichoka.

Mimi na Marciana tulikwenda bomani kwa Kitashu na sukari na tumbaku. Nilimwomba radhi mbele ya wake zake, bila kuzunguka. Alitupa chai ya maziwa, akasema yamekwisha, mzee. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi. Nikaona sasa na mimi niwe mtu aliye tayari. Nimetenga kopo lenye sabuni, chumvi, wembe mpya na vitambaa safi, na Tomasi amenieleza cha kufanya mnyama akipatwa na sumu, nyoka au jeraha. Majirani wanachekelea, wananiita daktari. Sijali.

Mwezi uliopita nilimwona Kitashu anapita njiani anasukuma baiskeli. Juu ya kibebeo alikuwa amemlaza mbwa wake jike, yule aliyemzaa Kamishna. Nguruwe pori walikuwa wamemchana tumbo, damu inadondoka mavumbini. Nilichukua kopo langu nikakimbia na mgongo huohuo unaouma, namwita, Kitashu, ngoja, ninavyo vitambaa, ninayo maji ya chumvi, mlete hapa uani!

Alisimama. Akaniamkia kwa heshima yote, kama kawaida yake. Kisha akafungua shuka lake begani, akamfunika yule mbwa upande niliosimama mimi, akaendelea kusukuma. Mikumi ni mbali kwa kutembea. Nilibaki njiani na kopo langu, na sikuweza kumlaumu.

Jike yule alipona, nimesikia kwa watu. Yeye hajaniambia.

Marciana anakusalimu sana, anasema usiache kuvaa sweta asubuhi. Mzee Lupakisyo anakusalimu, na shangazi yako Marselina wa Berega, ambaye ametoka hospitali na sasa anatembea. Kitashu nilimwambia nakuandikia, nikauliza nikufikishie salamu zake. Akasema asante mzee, Winnie akija Desemba, nitamsalimu mwenyewe.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe wanafunzi wasikivu na majirani wema, na wewe uwe mwema kwao.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye hata nikiwa mbali,

Vitalis