Mama, Ulimwosha Nywele Kabla Hajaomba Radhi

Mwaka umetimia, mama, tangu mikono yako ipumzike. Saluni tumeifungua tena, lakini wateja wako bado wanaingia wakikutafuta kwa macho, kisha wanakaa shingo upande.

Walikuita Mkono Mwepesi. Ulisuka bila kuumiza, hata watoto walisinzia mapajani mwako. Mwenye nywele chafu hukumrudisha nyumbani akaoshe kwanza, kama wafanyavyo wasusi wengine. "Maji yako hapa," ulisema, "ayafuate wapi tena?" Ulipenda utani na chai ya moto mno, na ibadani uliimba vibaya kwa sauti kubwa bila haya.

Hayo ndiyo watu wanayotarajia tuandike kwenye tangazo la kumbukumbu. Lakini ulitufundisha kusema kweli, basi tuiseme: mama, ulitusaliti.

Mdogo wako uliyemlea mwenyewe, ukamfundisha kazi kwenye kiti cha pili pale pale saluni, aliondoka na baba yetu. Mama yetu mdogo! Kikulacho ki nguoni mwako. Tulipita mitaani tumeinamisha nyuso. Wewe ulilia bafuni ukiwa umefungulia bomba ili tusisikie, nasi tulisikia.

Miaka ikapita, baba akamwacha na yeye. Akarudi Jumamosi moja, saluni imejaa, akasimama mlangoni na mfuko wake wa nguo. Tulingoja umtimue. Wewe ukavuta kiti cha kuoshea nywele.

"Dada, nilitaka kusema..."

"Inamisha kichwa. Povu litakuingia machoni."

Ukamwosha, ukamfunga taulo safi, ukamsuka mpaka mwisho. Usiku ule alilala kwenye kitanda changu mimi, kifungua mimba wako, na mimi nikapewa godoro sakafuni.

Tulikulalamikia: "Mama, hata radhi hajaomba!" Ukajibu huku unakunja taulo, "Mungu alinipokea mimi nikiwa nanuka makosa, wala hakunipa masharti. Ya kumpa huyu nitayatoa wapi?"

Jibu zuri, mama. Lakini sisi hukutuuliza. Aliyechukuliwa alikuwa baba yetu pia. Ulifunga kidonda chako ukadhani na vyetu vimepona. Na huyo Mungu wako tulimkasirikia vilevile, kwa wepesi wake wa kusamehe mambo tuliyotendewa sisi.

Mpaka leo mdogo wako hajaomba radhi. Wiki hii tulipokaa kuandika tangazo hili, alichungulia dirishani akauliza, "Mtaniweka wa ngapi kwenye majina?" Wa ngapi! Mwanao fundi bomba aliinuka: "Akiwekwa yeye, mimi nitolewe." Kitinda mimba wako akamuunga mkono. Nami nilikubali kwa moyo mweupe kabisa, tukaandika majina ya wengine wote.

Nikalipeleka gazetini. Dada wa mapokezi akalisoma polepole: watoto, wajukuu, wasusi wenzake. Akainua macho.

"Pole sana. Kwa hiyo marehemu hakuwa na ndugu?"

Nilifungua mdomo kusema hakuwa naye. Sikuweza, mama. Nikasema, "Alikuwa naye mmoja," nikaomba kalamu, na tangazo likawa refu hivi.

Hastahili. Bado nina hasira naye, na nikimwona anakunywa chai kwenye kikombe chako damu inanichemka. Lakini siku hii ni yako, na wewe ungemtanguliza. Wenzangu sijawauliza. Watasoma hapa gazetini kama watu baki, na watasema nimewasaliti. Ni kweli, nimewasaliti.

Wanaokukumbuka: mdogo wako, wanao, yaani mimi kifungua mimba, fundi bomba na kitinda mimba, wajukuu wako wote, na wasusi wenzako.

Tumekukasirikia, mama, na hatutakusahau kamwe.