Ulifinya Hapana

Mweso, Jumapili, kisha ya misa

Mudogo wangu mupenzi Twizeyimana,

Ninakusalimia sana katika jina la Bwana wetu, na ninaomba barua hii ikukute muzima. Mguu wako iko namna gani? Unakanyaga chini sasa, ao bado unaruka na mumoja kama korongo? Unakula? Wanasema kule Omate nyama ya pori iko mingi kuliko chumvi, na mimi ninakujua, unaweza kula nyani bila kumuuliza jina. Sisi huku tunapumua. Mvua inanyesha, viazi vingine vinaoza, vingine tunakula. Bibi yangu Uwamariya angekusalimia kama angejua ninaandikia nani. Nimemuambia ninaandikia shefu wangu, na yeye akaniambia nisimalize wino wa biki ya watoto juu ya shefu.

Utajiuliza juu ya nini mimi, muntu wa mashini, ninakuandikia kwa mukono. Kule kwenye mashimo yenu ya zahabu hakuna rezo ya simu, na tableti yangu inatuma sauti fupi tu, na mimi sijawahi kusema neno fupi tangu nibatizwe. Zéphyrin, mwenzangu wa kazi kule Walikale, yule aliyekamata foto yako, njo atakufikishia. Hajui iko nini ndani. Nimeifunga na utepe wa skochi, na skochi yangu hata kwenye mupaka wa Uganda walishindwa kuifungua.

Usicheke. Mimi Viateur, niliyeacha shule mwaka wa pili wa sekondari juu mwalimu wa hesabu alinionea wivu, niliyefika Kampala mara mbili na Bujumbura mara moja, leo mashefu kutoka Kinshasa wananiletea tableti yao ikikwama. Ninaizima, ninaiwasha, wanasema asante fundi. Hapa Mweso, wanawake waliokimbia vita wananiita Papa Tableti, juu ninawatafutia watu wao waliopotea. Mama iko huku, mutoto iko kule. Ninakamata uso na sauti ya yule anayetafuta, Zéphyrin anakamata nyuso za watu waliofika upande wake, kisha mashini inaweka uso pembeni ya uso na kuniuliza: huyu si yule? Siku moja nilipanda mukaratusi kutafuta rezo, tableti iko kwenye meno. Nikiwa juu, mutoto wa muntu akaonekana Walikale. Mama yake alicheza chini ya muti, akaita wenzake, wakacheza wote, na hakuna hata mumoja aliyefikiri namna gani mimi nitashuka.

Lakini dosie ya kwanza niliyofungua kwenye mashini ilikuwa ya Mama yetu. Kwenye foto anakasirikia mashini kama vile imemuibia kuku. Chini niliandika: Nyirabagenzi wa Karuba, anatafuta mutoto wake.

Alikutafuta hata tulipokuwa tumekwisha kukufanyia matanga. Ile ya matanga nilikuambia kule Omate. Vita ilipotulia, tulipoweza kurudi Karuba, tulizika Papa, tukakungoja weye, tukachoka kungoja. Wazee walisema muntu hawezi kubakia bila kaburi, basi tukakata mugomba, tukauvalisha shati yako ya kanisani, tukauzika pembeni ya Papa kama vile tunazika muntu. Padri hakupenda, lakini alikula. Mama alilia kama wengine. Kesho yake akaniuliza mashini inasema nini.

Kisha shimo likaanguka kule kwenu, na Zéphyrin akazunguka dispanseri kukamata foto za waliovunjika, ili wakifa familia zijue. Ulimuambia unaitwa Kagabo. Mashini iliamini, mimi hapana. Ule uso nilipigana nao juu ya kijiko tangu hauna meno. Nilikuja Omate kwa pikipiki, kisha kwa miguu, nikikutungia matusi njia yote. Nilipokuona kwenye kitanda, matusi yote yaliniisha mudomoni.

Uliniambia namna ulivyobeba Papa mugongoni kutoka Karuba, ukamuweka chini kabla ya kufika Mushaki ili upumue, risasi zikalia, na miguu yako ikakimbia bila weye. Ukasema muntu aliyeacha baba yake njiani, afazali abakie mufu, na kama tumekwisha kukuzika, basi tulifanya vizuri. Nilikuambia hakuna anayekuhukumu. Nikakutania, nikalia, nikakutania tena. Mwishoni nilifungua tableti, juu kazi inaniamuru. Ulisoma mwenyewe: unakubali familia yako ijulishwe kama uko muzima? Ndiyo, ao Hapana? Ulifinya Hapana. Kidole chako kiliacha udongo mwekundu kwenye kioo. Sikuupangusa mpaka Walikale.

Muntu mukubwa njo mwenye habari yake; hiyo njo sheria yetu, na mimi niliikubali nikiwa na akili yangu. Juma lile lile mwanaume mumoja alikuja kunibembeleza nimuambie bibi yake iko wapi. Bibi alikuwa amekimbia panga lake. Nilimukatalia. Kama ninavunja sheria juu ya Mama yangu leo, kesho nitamujibu nini yule wa panga? Hivyo nilijiambia kwenye pikipiki. Ilikuwa maneno mazuri sana. Hayakunisaidia hata kilima kimoja.

Nilifika Karuba kwa Mama, nikakula bugali, nikazungumza juu ya mvua. Na hapo njo nilikosea bila kujua. Mimi ninayejisifu wiki nzima nikipata mbuzi wa jirani aliyepotea, nilitoka Walikale mara ya kwanza bila hadithi hata moja. Mama aliniangalia nikikula. Aliniongezea mboga. Hakuuliza mashini inasema nini, na tangu siku ile hakuuliza tena. Nilifikiri amekata tamaa.

Kumbe alikuwa na kazi. Asubuhi alimuita jirani yetu Jérémie na jembe, akamuamuru atoe mugomba wako. Unajua kwetu: muntu aliyeliliwa akiwa muzima havuki mulango wa mama yake mpaka mama mwenyewe atoe mugomba na kuutupa kwenye muto. Mugomba ulikuwa umeoza, shati tu njo ilibakia. Mama aliubeba mwenyewe kwenye kitunga mpaka kwenye maji. Shati aliifua, akaianika mbele ya nyumba, kila muntu aione. Shangazi Mukandori alikuja akipiga kelele kwamba kichwa cha Nyirabagenzi kimeharibika, anafukua mutoto wake kama viazi. Mama alimuuliza kama amekuja kusaidia kuchota maji, ao ameleta mudomo peke yake. Majirani wakataka kujaza shimo la kaburi lililobakia wazi. Akakataa.

Nilimuuliza juu ya nini anafanya hivyo. Alinijibu nilinde kazi yangu, na yeye atalinda yake.

Kisha akaomba kusema kwenye mashini. Hiyo sheria inaruhusu: anayetafuta anaweza kuacha sauti, hata kama hajui itamufikia nani. Zéphyrin iko nayo kwenye simu yake na atakusikilizisha. Hakutaja jina lako. Alisema ngombe ya kahawia imezaa ndama jike. Alisema muharagi wa mwaka huu ni muzuri. Nikafikiri amemaliza, nikataka kufunga, akanipiga kwenye mukono. Akasema Papa alikuwa muzito, hata yeye hakumuweza siku zile za pombe, alikuwa anamuacha kwenye ukumbi na kumufunika. Akasema walipomuokota pale Mushaki, Papa alikuwa amelala vizuri, na chini ya kichwa chake kulikuwa koti imekunjwa. Yeye njo alinunulia mutoto wake ile koti, anaijua. Akasema muntu anayetupa baba yake hakunji koti. Kisha akaniambia ninaweza kufunga.

Mudogo wangu, sasa kaa chini. Kama uko na muntu pembeni, mushike.

Mama ametuacha. Kifua kilimubana, nilimuleta huku Mweso, waganga wa hospitali walifanya yote waliyoweza. Alikuwa anasema nao kwa utani, akiwaambia mimi njo shefu wa mashini zote za hospitali. Alikufa Alhamisi moja asubuhi, jua likiingia kwenye dirisha, mukono wake ndani ya wangu. Tableti ilikuwa kwenye magoti yangu na uso wako ndani. Ningeigeuza tu, angekuona. Sikuigeuza. Ulifinya Hapana, nami niliheshimu kidole chako mpaka macho yake yakafunga. Sisemi ni vizuri, na sisemi ni vibaya. Ninakuambia tu namna ilivyokuwa, juu weye peke yako njo ninaweza kuambia.

Tulimurudisha Karuba. Wanaume walikuja na majembe, Jérémie akawaambia waketi. Shimo lilikuwepo pembeni ya Papa, na Mama alikuwa amekonda, hatukuhitaji hata kulipanua. Analala pale tulipokuzika weye. Hakuna kaburi lako tena Karuba, Twizeyimana. Hata ukilitaka, limekamatwa.

Kisha matanga nilirudi kazini na kuandika kwenye dosie yake kwamba ameaga. Mashini haikulia. Ilifunga dosie yenyewe, juu dosie bila mwenye kutafuta haina kazi, na chini ya foto yako ikaandika: hakuna muntu anayemutafuta. Nilisoma, nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena. Watu wanasema mimi ninajua kuchekesha hata matanga. Siku ile nililia mbele ya wenzangu wa biro mpaka shefu akazima jenereta, akisema imekwisha mafuta, ili watu waende nyumbani.

Ajan kama mimi haruhusiwi kuweka familia yake kwenye dosie anayoshika mwenyewe. Kwa ile ya Mama shefu alifunga macho, juu ya uzee wake. Kwa hii sijui, labda nitarudia kuuza sabuni. Nimefungua nyingine. Mwenye kutafuta: Viateur, kaka. Nilikamata foto yangu mwenyewe, macho yamevimba, ninafanana na chura aliyepigwa, lakini ni mimi.

Na dosie mupya inauliza upya. Zéphyrin akikupatia barua hii atakuwa na tableti, na ile swali itakuwa mbele yako kama siku ile. Finya unavyotaka. Ukifinya Hapana nitanyamaza tena, unajua sasa kwamba ninaweza. Lakini mara hii hawakuulizi kwa jina la Mama. Ni mimi ninauliza.

Pokea salamu za Uwamariya ambazo hajui kama ametuma, na za watoto, na za ile ndama jike ambayo tumekataa kuipa jina. Mungu alinde mguu wako na shimo unaloingia.

Ni mimi kaka yako anayekutafuta,

Viateur