Kwa Baba Naserian, Kuhusu Kile Kirauta Chako

Mpendwa Baba Naserian,

Kile kirauta chako cha safari sasa kinakaa juu ya kabati la televisheni, kando ya picha yetu ya harusi. Taa yake ndogo ya buluu haizimiki ila stima ikipotea. Unakikumbuka? Ni kile cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, ulichonunua hapa Kitengela kwa jamaa aliyekuapia kwamba kilikuwa karibu kipya. Nilikucheka siku hiyo. Nilikuambia, "Sisi hata kochi la maana hatuna, na wewe unanunua waifai ya mfukoni." Hukuinua macho. Ulisema tu, "Nikiwa Illasit utanishukuru."

Na nilikushukuru, ingawa sidhani nilikuambia. Kazi yako ya kupima mashamba ilikuwa inakuchukua majuma mazima. Ulikuwa ukifika kwenye zile gesti za Illasit, kule chini ya mlima, unachomeka kirauta ukutani, na punde si punde simu yangu inaanza kulia video moja baada ya nyingine. Mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Bikoni ya mpaka uliyotoka kuizika kwenye kona ya shamba la mtu. Nyanya kwenye makreti. Wewe mwenyewe hukuonekana sana, ila sauti yako ilikuwepo, na viatu vyako, na kivuli chako kirefu kikitangulia kwenye mavumbi. Nilikuwa nikizitazama jikoni githeri ikichemka. Nadhani nusu ya ndoa yetu niliiishi hivyo, nikitembea nawe kwenye mashamba ya watu bila kutoka mlangoni.

Jioni nyingine bado naenda huko. Upepo ukivuka kutoka upande wa mbuga, ukitingisha mabati ya jirani, nafumba macho na kuiona njia nyembamba na nyasi za manjano, na mtu anatembea mbele yangu bila haraka. Simwiti. Nafuata tu, mpaka Naserian aniguse begani aniulize kama nimelala.

Ni yeye aliyeanzisha haya ninayokuandikia. Ulipougua na kutuacha alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana saba, meno ya mbele yameng'oka, na maswali yake hayana breki. Siku moja namsuka, akaniuliza, "Mum, Daddy alikuwa anaongea aje?" Nilifungua mdomo nikuigize. Nilitaka ile sauti yako ya kuvuta maneno, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Ikatoka yangu. Nikajaribu tena, ikatoka ya mwalimu wa Gredi ya Nne, yaani yangu tena. Naserian akacheka, mimi nikaogopa. Mtoto alikuwa anakupoteza hapo hapo mikononi mwangu, nikiwa nimeshika kitana.

Sauti yako yote iko kwenye ile diski uliyokuwa ukihamishia video kila simu zetu zilipojaa, ukizifuta kwenye simu. Ilikuwa kwenye droo, ndani ya soksi yako. Laptopu ilishakufa. Simu yangu haikuweza kuifungua, na sikutaka kumpa fundi yeyote aondoke nayo. Nilimwona mtu kwenye intaneti akieleza kwamba rauta ndogo kama yako ina tundu la kuchomeka diski, na ukishaichomeka, kila simu na televisheni ya nyumba inaweza kuona kilichomo. Hifadhi ya nyumba nzima, alisema. Nikakumbuka kirauta kiko kwenye mkoba wako wa kazi, chini ya zile tepu za kupimia.

Ungenicheka, mume wangu, na haki yako. Nilichomeka kila kitu Jumamosi asubuhi, nikajiona mhandisi. Diski ikaanza kugonga tik, tik, tik, ikaonekana kwenye ukurasa, ikapotea, ikaonekana tena. Halafu yakaja maandishi yakiniuliza kama nataka kuifomati. Kidole changu kilikuwa tayari kimeshaelekea kwenye ndiyo. Nikakumbuka siku uliyonikemea kwa sababu ya simu yako, ukaniambia kufomati ni kufuta. Nikatoa mkono kama mtu aliyeguswa na stima, nikaenda nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Niliporudi nilimsikiliza tena yule mtu wa intaneti tangu mwanzo. Kumbe diski ilikuwa na njaa. Chaja niliyoitumia ilikuwa ndogo, haikuweza kulisha rauta na diski pamoja. Nikaweka chaja kubwa, kelele ikakoma, na faili zako zikapangana kwenye kioo cha simu, moja chini ya nyingine. Nilikaa chini sakafuni. Sikufungua hata moja kwa muda mrefu.

Kisha kirauta kikaniuliza mtandao wake uitwe nani. Sikufikiria mara mbili. Nikaandika majina yako, yote matatu, kama yalivyokuwa kwenye kitambulisho.

Wewe unajua nimetoka kwa watu gani. Kwetu Kiserian mtu akifa jina lake linapewa mtoto, na mtoto anaitwa hilo jina kutwa nzima, aoge, ale, aache kurusha mawe. Mimi mwenyewe nina jina la nyanya yangu, na mama aliponigombeza alikuwa akitabasamu nusu, kwa sababu alikuwa anamgombeza mamake. Basi niliona nimekufanyia jambo jema. Ungekuwa hewani ndani ya nyumba yako, hata jirani akifungua simu akuone. Naserian alikuwa anakusoma kwa sauti kila alipounganisha televisheni. Siku hizo chache tuliishi vizuri. Alijifunza kukuigiza kunishinda mimi. Anaburuta maneno, anaweka mikono mfukoni, anasema, "Aaah, hiyo siyo mbali," na ninabaki nimeshika mwiko hewani.

Halafu Koko akaja.

Mama yako, Koko yake Naserian, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na alitakiwa kukaa karibu na kliniki mpaka daktari aridhike, kwa hiyo nilimchukua Kajiado nikamleta kwetu. Aliingia na shuka lake na kile kibuyu cha maziwa ambacho hasafiri bila kukibeba. Naserian akainamisha kichwa kwa salamu, Koko akamwekea kiganja utosini, yote yakawa sawa. Nikaenda kuchemsha chai. Nikiwa huko nikasikia mtoto wako, kwa furaha yake yote, akikimbia na simu: "Koko, angalia! Koko, ako hapa!" Na akayataja majina yako, yote matatu, kwa sauti ya kusomea darasani.

Nilipotoka, Koko alikuwa ameshasimama. Alivuta shuka, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango uso ukiangalia upande wa Kajiado. Naserian alikuwa analia bila kujua kosa lake. Nami nilikuwa nimeshajua langu.

Nikamfuata na chai. Hakuichukua.

"Ngoto Naserian," akaniambia, yaani Mama Naserian, maana yeye hajawahi kuniita vingine tangu mtoto azaliwe, "hiyo jina sisi tulizika. Mbona unaita mtu amelala?"

"Mama, huyu mtoto hana kitu ingine ya babake. Ni hiyo tu."

"Ako na mimi."

"Na wewe hutaki hata kumsema!"

Nilipandisha sauti, Baba Naserian. Sikuwahi kumpandishia mama yako sauti ulipokuwa hai, na nilichukia jinsi ilivyotoka. Yeye hakujibu kwa hasira. Alisema tu, "Kesho unipeleke steji nirudi kwangu." Na kliniki alikuwa bado hajaimaliza.

Nilibaki na sufuria jikoni, nikiosha kitu kilichokwisha kuoshwa. Nilikasirika naye, nikakasirika nawe kwa kutuacha wanawake watatu tusioelewana. Nilimwona tena akilini alivyokuwa siku tuliyokuzika. Pasta aliposoma jina lako, watu wote waliinamisha vichwa, ila yeye aliinua chake akatazama vilima mpaka pasta akapita hapo. Wakati huo nilidhani ni ugumu wa moyo. Nikakumbuka pia jioni ile, kabla hatujaoana, ulivyonikataza kumwuliza mama yako kuhusu kaka yako aliyefariki. Tulikuwa tumesimama kwenye boma lenu, jua linazama, vumbi la ng'ombe limekuwa dhahabu, na sauti yako ilikuwa chini. "Siyo kwamba tumemsahau," ulisema. "Ukimwita, anageuka. Na yeye ana safari." Sijui kama hiyo ndiyo maana wanayoipa wazee wenu au uliitunga ili unipendeze. Wewe ulikuwa na tabia hiyo. Lakini nilisimama jikoni nikakuona kwenye ile njia nyembamba, na nikajiuliza nimekugeuza mara ngapi wiki hiyo.

Nikafungua ukurasa wa kirauta. Nikafuta jina lako herufi kwa herufi, na kila herufi iliniuma, nakuambia ukweli. Kisanduku kikabaki kitupu. Rauta haikubali mtandao usiokuwa na jina. Nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi kando ya mama yako. Jua lilikuwa bado halijazama, watoto wa jirani wanacheza kati ya majani ya viazi, na jicho lake lililofanyiwa lilikuwa linatiririka machozi ya dawa, au machozi tu.

"Mama," nikamwuliza, "mkitaka kumsema, nyinyi mnamsema aje?"

Akafuta jicho kwa ncha ya shuka. Naserian alikuwa amekuja nyuma yetu, ameegemea mlango.

"Menye Naserian," Koko akasema.

Baba yake Naserian, kwa Kimaasai chenu. Alilisema pole pole, na aliposema alimtazama mtoto, siyo vilima. Nikaandika hilo. Naserian akalisoma kwenye simu, kisha akasema, "Kwani na mimi niko ndani?" Nikamwambia ndiyo, uko ndani.

Asubuhi hakuna aliyetaja steji. Koko alilalamika kwamba chai yangu ina maji mengi kuliko maziwa, kama anavyolalamika kila siku ya Mungu, na sijawahi kufurahia lawama kiasi hicho. Lakini televisheni hakuitazama. Kila tulipoiwasha alikuwa akitafuta kazi uani. Sikumlazimisha, nikamwambia na Naserian asimwite.

Jumapili tuliporudi kanisani, Naserian aliwasha ile video ya birika la kunyweshea mifugo kule kwenu. Ulikuwa umeegemeza simu kwenye nguzo ya ua ukaenda kufungulia ng'ombe. Wanaingia mmoja mmoja, kwato zinapiga, kengele inalia mbali, vumbi linapanda na kutua. Koko alikuwa anapita kuelekea nje. Kwanza alisimama mlangoni. Halafu akaketi kwenye mkono wa kochi, upande upande, kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

"Hiyo nyeusi," akasema, "mama yake ndiye alikufa ile kiangazi." Akanyoosha kidole. "Hiyo ya paji nyeupe, mkaidi sana. Hiyo nilipewa na ndugu yangu." Aliwataja wote, rangi zao, pembe zao, nani alizaa nani, na Naserian alikuwa amekaa miguuni pake mdomo wazi. Sauti yako ilikuwa ikisikika nyuma, ukiwapigia mluzi, ukiwasemesha kwa Kimaasai. Koko hakugeuza uso. Aliendelea kutaja ukoo wa kila ng'ombe juu ya sauti yako, na mguu wake ulikuwa ukifuata mluzi. Sijui kama alijua.

Ng'ombe wakaisha kunywa, wakatoka upande wa pili, birika likabaki tupu. Kisha ukaja kuchukua simu. Uso wako ukajaa kioo chote, jasho, vumbi kwenye nyusi, ukachungulia karibu kabisa na kuuliza, "Kumbe bado inarekodi?" Ukacheka, na video ikaisha.

Koko alitengeneza shuka begani.

"Rudisha kidogo," akamwambia Naserian. "Nione ng'ombe."

"Gani, Koko? Ile nyeusi?"

"Hapana. Hiyo ya mwisho."

Naserian akanigeukia. Mwisho hapakuwa na ng'ombe hata mmoja, na mtoto wa miaka saba anajua hivyo. Alifungua mdomo aseme. Nikamtikisia kichwa, nikasema, "Mrudishie Koko ng'ombe wake."

Akairudisha. Akairudisha tena, na tena, mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyekuita.

Endelea na safari yako, mpenzi wangu. Hatutakugeuza. Sisi tuko hapa kwenye kochi, watatu, tunakuangalia ukienda.

Ni mimi wako,
Ngoto Naserian